Refa Hajibizwi

Jumatatu, 3 Juni

Chai nimepika nyingi tena, kama naishi na watu. Mwezi wa tano tangu nihamishwe kutoka shule ya Kaaga, Meru. Hapa Dallas, mtaa wa Embu, naitwa "mwalimu wa Meru", jina langu hawalijui. Jioni nimepigiwa simu na katibu wa michezo: nichezeshe fainali ya besiboli Jumamosi, Nkubu. Wavulana wangu wa Kaaga na shule moja ya Embu. Eti kwa kuwa sina timu sasa, sina upande. Nimekubali kabla hajamaliza kusema.

Jumatano, 5 Juni

Nimesoma sheria upya. Mpira wa juu ukipigwa, mkimbiaji asiondoke kwenye besi yake mpaka udakwe. Akitangulia, wapinzani waupeleke mpira kwenye besi hiyo na kumwambia refa, kabla mpira mwingine haujarushwa. Wakinyamaza, pointi inahesabiwa. Refa hata akiona, anyamaze mpaka aulizwe. Kwa mdomo wangu huu!

Ijumaa, 7 Juni

Nimechemsha nduma kumi na mbili, kama zamani. Refa hapelekei timu chakula kabla ya mechi, najua. Nitawapa ikiisha. Nina hamu nao mpaka naona aibu.

Jumamosi, 8 Juni

Tatu kwa tatu. Raundi ya mwisho, Embu wanapiga, mtu wao yuko besi ya tatu. Mpira ukaenda juu. Mutuma, kapteni wangu, akaudaka vizuri sana. Lakini yule wa besi ya tatu alikuwa ameshachomoka. Hatua mbili nzima! Akafika besi ya nyumbani. Nne kwa tatu.

Mutuma alinitazama. Aliona, najua aliona. Nikatazama viatu vyangu. Moyoni nilikuwa napiga kelele: niulize, niulize. Mpira ukarudi kwa mrushaji, naye akarusha. Basi.

Zamu ya Kaaga ya kupiga, hawakupata kitu. Safari ya mashindano ya kitaifa hakuna, na karibu wote wako kidato cha nne. Walipanda basi la shule bila kunisalimia. Nimerudi Embu na nduma zangu.

Jumapili, 9 Juni

Sikuenda kanisani. Mutuma ameniandikia kwa simu ya mamake. "Madam, yule boy alitoka mapema?" Nikajibu ndiyo. "Na ukanyamaza?" Nikamjibu kwamba hawakuuliza, na asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Miaka sita pale Kaaga niliandika hayo ubaoni. Nikajiona nimesema.

Akajibu: "Si ni wewe ulituambia refa hajibizwi? Na refa alikuwa wewe."

Kweli nilisema. Aliyebisha nilimkimbiza uwanja mzima mara kumi. Mutuma mwenyewe alikimbia, kidato cha kwanza, analia.

Nimeandika jibu, nikafuta. Nimeandika tena, nikafuta. Mwishowe nimemwomba msamaha tu. Amesema, "Sawa madam."

Mvua imeanza. Nimekula nduma moja. Zimebaki kumi na moja.