Damu ya Namba 212

Nuu,
6 Machi 1984

Kwa kaka Kivuva,

Pokea salamu zangu. Mimi niko mzima, ila vumbi limenikausha koo. Mama yetu, Mwaitu, ameniandikia kutoka Nunguni, anasema magoti yamepoa kidogo. Wewe na watu wa Kibwezi mko vipi? Huku mvua imetukataa kabisa. Ng'ombe wanaanguka njiani.

Kaka, nina shida ya kazi na ni wewe tu, karani mwenzangu, utanielewa. Kuna mfugaji hapa anaitwa Ndululu. Homa haimwachi tangu Desemba, na bandama imevimba hata ukimgusa ubavuni anakunja uso. Sisi sote tulijua ni kalaazar, ile homa ya usubi inayoua. Tukamtoa damu, ikaenda maabara Nairobi na namba yake, 212. Majibu yamerudi: hana. Daktari wetu akamwambia aende nyumbani.

Nikakumbuka kwamba kambi yenu ya utafiti huko Kibwezi pia ilianza kuhesabu wagonjwa kutoka moja, na damu zetu zote zinaingia maabara ile ile. Basi kuna 212 wawili! Nitazamie kwenye kadi zako za wagonjwa. Wa kwenu ni nani, na aliambiwa nini?

Ni mimi dada yako,
Mbinya


Nuu,
29 Machi 1984

Kaka Kivuva,

Natumaini huumwi. Wiki tatu zimepita na sijapata hata mstari mmoja. Dereva wa utafiti aliniapia kwamba barua alikupa mkononi.

Nilimwambia daktari habari ya namba. Akanitazama juu ya miwani, akasema, "Mbinya, wewe ni karani. Maabara haikosei." Nikamwomba awaandikie wenzake wa Kibwezi. Akasema wale hawajibu barua zake tangu walipogombana jina la nani litangulie kwenye ripoti.

Jumamosi nikatembea mpaka kwa Ndululu. Mkewe Kasyoka yuko peke yake na mtoto. Mume alichukua ng'ombe waliobaki akaelekea Tana kutafuta maji. "Si mlisema ni mzima?" akaniuliza.

Tafadhali, kaka. Ni kadi moja tu.

Dada yako,
Mbinya


Kibwezi,
11 Aprili 1984

Dada yangu Mbinya,

Salamu. Mwili wangu ni mzima, moyo ndio mgonjwa.

212 wa kwetu ni Hasina binti Faki, fundi wa kushona hapa sokoni. Aliambiwa ana kalaazar. Tangu dawa ilipofika Machi tumemdunga sindano kila siku, kumi na tisa, mpaka mkono haushiki mkasi na chakula hakikai tumboni. Hajawahi kuvimba bandama.

Sasa nikuambie lililonifunga mdomo. Mimi niliona mapema, mnamo Februari, kabla hujaniandikia. Nilimwona Hasina akija kuchukua majibu kwa miguu yake akicheka na wauguzi, nikasema moyoni, huyu si mgonjwa. Nikafungua rejista nikaona jinsi namba zinavyoweza kugongana na zenu. Nikaifunga. Mpango wa kuhesabu ni mimi niliyeutunga, Mbinya. Niliogopa kuitwa mjinga mbele ya madaktari. Barua yako ilipokuja, nikaogopa zaidi.

Leo asubuhi nimemwambia daktari. Sindano za Hasina zimesimamishwa. Mtafute Ndululu. Tuma mtu Tana.

Kaka yako,
Kivuva


Nuu,
2 Mei 1984

Kivuva,

Tulituma watu wawili. Walikutana naye njiani akiletwa juu ya punda, amefungwa kwa shuka asianguke. Damu ilikuwa inamtoka puani. Tulimdunga sindano ya kwanza Jumatano. Ijumaa akafa.

Watu wa kanisa waliimba, wakamzika. Kasyoka hakulia. Alinijia pale kaburini akauliza, "Ile damu mlichukua mkaipeleka wapi?" Nikasema ilichanganywa. "Na nani?" Nikasema ni kosa la kazi. Akasema, "Kazi haina mikono."

Februari ulijua. Februari Ndululu alikuwa anatembea, anachunga, anabeba mtoto wake. Usiniandikie tena mpaka uje umwambie Kasyoka kwa kinywa chako.

Mbinya


Kibwezi,
19 Juni 1984

Mbinya,

Najua ulinikataza kuandika. Nakuomba usome hii kwanza.

Kambi mbili zilikutana Machakos. Madaktari walikaa pande mbili za meza kama watu wa kesi. Nikasimama nikasema habari ya Ndululu, na ya Februari, sikuficha. Kisha tukaleta kadi zote, zenu na zetu, tukazisoma moja moja kwa siku tatu. Tumepata wengine wanne waliopewa majibu ya mtu mwingine. Wote wamefikiwa wakiwa hai. Mmoja anatoka huko kwenu Nuu, utamjua.

Tangu sasa kila chupa ina herufi ya kambi, jina la mtu, la baba yake na la kijiji. Rejista ni moja, nakala iko kila kambi. Jibu halitolewi mpaka watu wawili walinganishe, na karani akiwa na shaka, daktari lazima angoje. Hilo la mwisho nililiomba kwa sababu yako.

Mimi wameniondoa kwenye kazi. Ni haki. Nitakuja Nuu Alhamisi.

Kaka yako,
Kivuva


Nuu,
8 Julai 1984

Kwa kaka Kivuva, Nunguni,

Umefika salama? Mwaitu hajambo? Mwambie nitakuja Agosti.

Uliondoka kwa Kasyoka ukidhani alikufukuza. Hakutoka nje kukuaga, ni kweli, na maji uliyopewa ni mimi niliyeyachota. Sijui kama atakusamehe. Mimi mwenyewe bado nahangaika nalo, nisikudanganye.

Lakini Jumatatu alikuja kambini na binti yake mdogo, Mbula, ana homa ya wiki mbili. Kasyoka akasimama mbele ya meza yangu nikiandika kwenye chupa ya damu. Nilipomaliza akasema, "Soma."

Nikasoma: Mbula, binti wa Ndululu, kijiji chake, herufi ya kambi, namba.

"Soma tena."

Nikasoma tena. Akataka nisome mara ya tatu, kidole chake kikifuata kalamu yangu, na yeye hajui kusoma. Ndipo akakunja mkono wa gauni la mtoto, akaunyoosha ule mkono mwembamba, akaushikilia mwenyewe.

Dada yako,
Mbinya