Mabata Bukini Uliowaacha Bwawani

Tata,

Mchungaji akijua namwandikia baba yangu aliyekufa atanikalisha chini. Sisi Wasabato tunafundishwa kwamba wafu wamelala na hawasikii kitu, na mimi mwenyewe nimewafundisha watoto hayo kila Sabato asubuhi. Basi usisikie. Mimi nitaandika tu, maana hapa Manga sina tena mtu wa kuzungumza naye juu ya jambo hili, na nikiendelea kulinyamazia nitapasuka.

Mabata bukini wako wamekwisha. Niliwamaliza mimi. Wewe ndiye uliyeniagiza, na hakuna anayeamini.

Nianze pale wodini, kwa sababu tulikuwa mimi na wewe peke yetu. Mama alikuwa ameenda kutafuta chai. Ulinishika mkono ukasema, "Moraa, wale ndege nilikosea. Wamalize kabla ya mvua kubwa, kabla hawajaatamia." Nilidhani ni homa inayosema. Nikakuuliza kama ni wale wale uliowaleta kutoka shamba la chai kule Kericho siku uliyostaafu, wanne ndani ya kikapu, shingo nje, ukashuka nao Keumbu watu wakaacha kuuza ndizi ili wakushangae. Ukasema ndio hao. Ukaniambia ulimwona dume lako likiwafukuza korongo wenye taji kwenye kiota chao ndani ya matete, siku baada ya siku, mpaka wakahama, na hukufanya kitu kwa sababu ulikuwa unaringa kuwa na ndege ambao hakuna mwingine anao. Hilo la kuringa lilikuuma kuliko tumbo lako. Siku ya tatu ukafariki.

Walikuwa kumi na tatu tu wakati huo. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja, Tata, na sikuifanya.

Nikuambie ukweli kwa nini. Siku ya mazishi kila aliyesimama alizungumza juu ya ndege wako. Huyu alikumbuka ulivyokuwa unawapigia mluzi wakaja mbio, yule akakumbuka Mama akikimbizwa na lile dume mpaka akapanda kwenye jiwe na sufuria mkononi, na wewe umeshika mbavu kwa kicheko. Watu walicheka wakiwa wanalia. Mimi nikakaa pale nikisikia raha jinsi unavyopendwa. Ningesimama vipi niseme eti marehemu ameagiza wachinjwe? Nikasema moyoni, wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa mwezi, mvua kubwa ikanyesha, wakaatamia.

Halafu nikafanya upumbavu mwingine, na huu haunitoki kichwani. Siku tulipotia saruji kaburi lako wageni walikuja na sukari na unga kwenye vikapu, si unajua watu wetu. Na unajua pia kwamba mgeni harudi kwake na kikapu kitupu, na mwaka huo upepo ulikuwa umeangusha migomba yote, sikuwa na hata chane moja ya kuwapa. Nikaenda bwawani. Nikashika vifaranga, nikawafunga wawili wawili ndani ya majani makavu ya migomba, nikawatia vikapuni. Shangazi, dada yako, akaenda na wake Gesima. Wengine wakaenda Keumbu. Nilikuwa nikiwaambia, chukua umkumbuke Tata. Wakanibariki. Haki ya Mungu, walinibariki.

Baada ya hapo mambo yakaharibika haraka. Sikuweza tena kuwahesabu ndege wako. Walimaliza nyasi za ukingoni, wakang'oa matete, ukingo ukabaki tope tupu, na kila mvua ikinyesha unaporomoka kidogo. Maji yakawa ya kijani, yananuka. Wakawa wanapanda mpaka kwenye sukuma na miche ya maharagwe. Mama Kerubo, jirani yetu wa chini, alilala na kitinda mimba wake kwenye zahanati mara mbili kwa ajili ya tumbo la kuhara. Hana matangi wala mabati ya kuvuna maji ya mvua. Maji yake ni lile bwawa ulilowaongoza watu kulichimba.

Chifu akaitisha baraza. Ungeshangaa, Tata. Watu waliokuwa wakisalimiana kila siku waligawanyika kama wanagombania mpaka wa shamba. Vijana wa boda boda hawakutaka hata ndege mmoja aguswe, maana walikuwa wanaleta maharusi kupiga picha pale. Mzee wa kanisa akasema bata si chakula chetu Wasabato, na kuua kiumbe usichokula ni kumkosea Muumba. Bwana shamba akaeleza kwa upole kwamba ndege hao si wa huku na wasipopunguzwa bwawa litakufa, akazomewa kwa sababu ametoka nje. Ombati, mwanao, akapiga simu kutoka Nairobi, ikawekwa sauti ya juu, akasema hao ndege ndio baba aliyebaki na atakayewagusa amemgusa yeye.

Ndipo Mama Kerubo akaja mbele na mtungi wake wa plastiki. Akauweka mezani mbele ya chifu, maji ya kijani na manyoya yanaelea. Hakupaza sauti. Akasema, "Anayesema wabaki, anywe."

Hakuna aliyekunywa. Na hakuna aliyebadili neno lake pia, wakaanza kumlaumu eti hachemshi maji. Hapo nikashindwa kuvumilia. Nikasimama nikasema yote, wodi, mkono, korongo, kila kitu. Kisha mtu mmoja nyuma akauliza, "Mbona hukusema siku ya mazishi?"

Na Mama, aliyekuwa amekaa safu ya mbele na leso yako mapajani, akasema bila kuniangalia, "Nimeishi na huyo mtu tangu nikiwa msichana. Angeniambia mimi."

Chifu alitaka kumaliza neno aende zake. Akasema boma lililoleta ndege ndilo liwaondoe, na kama nina uhakika na maneno yangu basi niitishe risaga. Alijua anachofanya. Risaga haikataliki. Ukimwita jirani kwenye kazi ya kusaidiana, kila nyumba hutoa mtu mmoja, na asiyetoa, siku ya kwake atalima peke yake. Lakini pia mwenye kazi ndiye huanza, na mwenye kazi ndiye hupika. Wewe mwenyewe ulinifundisha hivyo wakati tunachimba bwawa, ukaweka jembe la kwanza, na Mama akapika sufuria nne.

Nilizunguka nyumba kwa nyumba. Jumapili wakaja, mmoja mmoja, na panga na rungu, wanasalimia kwa kunong'ona. Ndege walikuwa katikati ya maji na hakuna aliyejua watawatoaje. Nikapiga mluzi wako.

Walikuja wote, Tata. Walikuja kwa furaha, wanapiga mabawa, lile dume lako zee likiwa mbele, likafika mpaka kwenye miguu yangu likitafuta mahindi. Nikalipiga hilo kwanza. Mengine sitayaandika. Ilichukua muda mrefu kuliko nilivyofikiri, na vifaranga ndio walikuwa kazi ngumu kabisa. Tukawazika kwenye shimo moja, maana hata wale Wakatoliki wasio na neno na bata walisema hawawezi kula cha marehemu.

Nilikuwa nimeamka alfajiri nikapika ugali na chinsaga, hizo mboga zetu chungu unazozipenda, nimezilaza kwenye maziwa kama unavyotaka. Sufuria nne. Watu wakanawa, wakasafisha panga kwenye nyasi, wakasema ng'ombe wanangoja, wengine wakasema hawana njaa. Wakapita kando ya sufuria wakaondoka. Sijawahi kuona risaga watu wakakataa kula. Aliyekaa ni Mama Kerubo peke yake, naye alikula akiangalia chini. Mama yangu alikuwa ndani, mlango umefungwa.

Sasa sikiliza mpaka mwisho wa hasara hii. Maji bado ni ya kijani. Bwana shamba alikuja akachovya fimbo, ikatoka na tope jeusi mpaka karibu na kiganja chake, akasema kinyesi cha miaka yote kimelala chini na labda miaka itapita, labda hata hayatasafika, na ukingo wenyewe unaendelea kuanguka. Korongo hawakurudi. Warudi wapi, hakuna hata tete moja. Mama Kerubo bado anateka pale pale. Mama yangu hateki tena bwawani. Anashuka mpaka chemchemi ya upande wa pili wa mlima na magoti yale yale mabovu, na nikitaka kumpokea mtungi njiani anautua chini ananisubiri nipite. Ombati aliniandikia nisimpigie tena simu. Wakati mwingine najiuliza kama ningewaacha tu. Wangemaliza bwawa, lakini ningekuwa na mama na kaka.

Ningekuwa pia naendelea kusikia ulivyo mzuri. Nimekumisi vibaya, Tata. Hata kukukasirikia nimekukasirikia, kwa nini hukumwambia Mama, kwa nini uliniachia mimi neno zito hivyo bila shahidi. Ulimwonea haya mkeo ukanitupia mimi.

Juzi Shangazi alipiga simu kutoka Gesima. Wale wawili niliomtilia kikapuni wameshakuwa kundi. Wamehamia bwawa la kitalu cha chai, na watu wa huko wameanza kugombana kama sisi. Wako wanaotaka waondolewe, na wako wanaosema ni kumbukumbu yako. Shangazi yuko upande wako, anavyofikiri. Akaniambia, "Njoo kwenye baraza uwaeleze baba yako aliwapenda vipi."

Nimemwambia nakuja. Sikumwambia nakuja kusema nini. Ni huyo tu aliyebaki anayeniita binti yangu, na nikishasimama pale hataniita tena. Halafu nitaenda Keumbu, kwa wale wengine, nyumba kwa nyumba. Kila kikapu nilichokijaza nitakifuata, nakuahidi hilo. Kwamba watanisikiliza, siahidi. Hapa kwetu hawakunisikiliza na wananijua tangu nikinyonya.

Kwaheri, Tata. Jumanne naenda Gesima kulivunja jina lako mbele ya dada yako, na hakuna mtu duniani aliyelipenda jina hilo kama mimi.

Binti yako,
Moraa