Ubao Unaoitwa Dada

Vesterly, Dakota ya Kaskazini
Jumapili, 9 Juni 2024

Kaka yangu mpenzi Arvid,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na wifi yangu Corinne. Goti lake linaendeleaje? Mwambie nimepokea kile kitambaa cha meza alichokituma Pasaka, ila Mama amekificha kabatini akisema ni kizuri mno kumwagiwa supu na mimi. Nawaombea uzima huko Tacoma, na mvua yenu ipungue hata siku mbili mpate kuona mlima.

Sisi huku tu wazima. Mama ametimiza miaka themanini na mitano, anatembea kwa mkongojo wake mmoja, na bado hugombana na redio kila asubuhi wakati wa bei za ngano. Keki ya siku yake ya kuzaliwa niliioka mimi. Akala vipande vitatu, kisha akasema ilikuwa kavu.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Nilitaka kukupigia, Mama akanikataza. Alisema maneno haya ni ya kukaa nayo mezani, si ya kusikilizwa mtu akiwa kwenye foleni dukani. Basi vuta kiti, kaka.

Nimeitengeneza sakafu ya trela. Najua ukiliona neno hilo mkono wako unataka kuikunja karatasi. Usiikunje. Miaka miwili hii trela yetu ya kulala safarini ilikuwa nyuma ya ghala chini ya turubai, na hakuna aliyeitaja mbele ya mwenzake. Baada ya Pasaka Mama akaitaja. Alisema angependa kulala ndani yake mara moja tena kabla ya kwenda kulala mahali pasipo na magurudumu. Akaongeza kwamba kama haitakanyagika mpaka mwisho wa mwezi wa sita, atamruhusu yule mnunuzi wa vyuma chakavu aje kuikokota. Alisema hivyo akitazama dirishani, si usoni pangu, ndipo nikajua hatanii. Unakumbuka mwenyewe, trela ile ndiyo kitu pekee ambacho marehemu Baba alinunua bila kumuuliza Mama, na ndicho kitu pekee ambacho Mama hakuwahi kumlaumu nacho.

Mimi mpishi wa shule mstaafu, sakafu ningeijulia wapi? Bahati nzuri nyumba ya majirani zetu akina Sorlie imenunuliwa na mtu anayeitwa Duane Pfeifer, aliyefanya kazi miaka thelathini katika kiwanda cha matrela kule Indiana. Ni mtu mfupi, ana maneno mengi kuliko meno. Nilipomweleza shida yangu akaniuliza kama nina magoti mazima. Nikamjibu ninalo moja. Akasema, “Basi tutakuwa na mawili, na mimi ninalo moja.”

Siku ya kwanza hakugusa chombo chochote. Aliniambia nivue viatu, nitembee mle ndani kwa soksi, nikikanyaga kwa visigino. “Macho yanadanganywa na zulia,” akasema, “kisigino hakidanganyiki.” Kila nilipohisi sakafu inanesa nikachora kwa chaki. Arvid, nilidhani tatizo ni lile shimo la mlangoni lililomwangusha Mama tu. Chaki ilianzia mlangoni, ikapita chini ya meza ya kulia, ikaenda karibu na kitanda cha Baba na Mama. Duane akachoma bisibisi katikati ya alama, ikazama hadi mpini kama kwenye kiazi kilichoiva.

Tulipobandua lile zulia la plastiki na kukata plaiwudi, nilikaa chini nikatazama tu. Nimelala ndani ya trela ile tangu nikiwa na miaka minane, na sikujua kwamba kuta zake hazibebi sakafu. Sakafu ndiyo inayobeba kuta. Ukiing'oa yote kwa pupa, nyumba nzima inakukalia. Kwa hiyo unakata kipande, unatazama, unapumua, unakata kingine, na msumeno unauweka meno yasizame kuzidi unene wa mbao, maana chini yake kuna nyaya na bomba. Tulitoa pamba ya kuzuia baridi iliyolowa, tukatoa na kiota cha panya kilichojengwa kwa soksi yako ya skauti. Nimekufulia, imo ndani ya bahasha hii.

Sasa sikiliza hili. Uozo ulipofika karibu na kitanda ulikoma, kama umegonga ukuta. Pale hapakuwa na plaiwudi. Palikuwa na mbao nyembamba ngumu, za rangi ya asali, zimebanana hata kucha haipiti, kavu kabisa. Na juu yake ulipita mstari mwekundu uliopinda. Nikaupangusa kwa kitambaa, nikaufuata kwa kidole, nikajua. Ni mduara wa katikati wa ukumbi wa michezo wa shule yetu ya zamani, ile iliyobomolewa mwaka themanini na saba. Baba alikwenda kwenye mnada, akanunua mbao, akatengeneza sakafu upande wa Mama wa kitanda, akafunika na zulia, asimwambie mtu. Nilipoinua ubao mmoja nikakuta ameupaka rangi chini na pembeni, mara tatu, mahali ambapo jicho lolote lisingefika. Nilihisi kama nimefungua mlango nikamkuta amekaa.

Nikaenda kumwita Mama. Alipanda kwa kushikilia bega langu, akautazama ule mstari, akavua kiatu, akaukanyaga. Nilidhani atalia. Akasema, “Hapa ndipo baba yenu aliponikanyaga mguu. Mwaka hamsini na sita, ngoma ya mavuno. Kidole kilikuwa cheusi mpaka Krismasi.” Kisha akaniuliza kwa nini nadhani kila asubuhi safarini alikuwa akishuka kitandani na kusema sakafu ya hapo ina joto. Kumbe alijua. Alijua miaka yote, na hakumwambia Baba kwamba anajua. Wazazi wetu walikuwa watu wa ajabu, kaka, na sisi tulidhani wanazungumza habari za ngano tu.

Mbao zile sikuzifunika tena.

Kesho yake tukakuta mhimili mmoja wa chini, ule wa mlangoni, umeoza upande mmoja. Nikamwambia Duane tuutoe tuweke mpya. Akanicheka. Akasema mhimili hautolewi, maana bado umeshika ukuta. Unachukua ubao mpya wenye nguvu, unaulaza ubavuni mwa ule dhaifu, unavifunga pamoja kwa bolti, na tangu siku hiyo viwili hivyo vinabeba mzigo mmoja. Akasema mafundi wote wa nchi hii huuita ubao huo dada. “Huu masikini umebeba peke yake kwa muda mrefu,” akasema, “tumtafutie dada yake.” Kisha akaniuliza mbona nimekaa chini. Nikamwambia ni goti.

Halikuwa goti. Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nikuandikie.

Duane alisema hatufungi sakafu mpaka tujue maji yalipita wapi, kwani anayetengeneza sakafu bila kuziba uvujaji anatengeneza chakula cha uozo. Tukapanda juu ya paa na mpira wa maji. Tulimwagia maji saa nzima, kila mshono, kila tundu la hewa. Nikashuka ndani na tochi. Arvid, paa halikuvuja tone. Lile paa uliloahidi kulipaka rangi ya kuzuia maji mwezi wa tisa ukaitwa kazini ukaondoka, ni zima. Lingekaa miaka mitano mingine bila kuguswa.

Duane akashuka, akasimama mbele ya ile ramani iliyo nje kando ya mlango, akasema tuitoe. Nikamwambia ramani haina shida, aiache. Akanitazama, akasema anakwenda kula chakula cha mchana.

Unaikumbuka ramani. Nilimtengenezea Mama alipotimiza themanini: ubao mweupe, na majimbo yote waliyolala na Baba nimeyakata kwa mbao nyembamba, nimeyapaka kijani na kuyabandika. Ninyi nyote mlinisifu, na wewe ulipiga picha. Nilitaka niifunge kabla hajarudi kutoka kanisani, kwa hiyo nilifanya haraka. Skrubu sita, moja kwa moja kwenye bati la ukuta. Baba hakuwahi kufunga skrubu kwenye trela ile bila kuichovya kwanza kwenye gundi ya paa. Tulilijua hilo tangu utotoni. Mimi sikuichovya hata moja.

Nilizifungua peke yangu. Zilitoka nyekundu kwa kutu. Nyuma yake mbao za ukuta zilikuwa nyeusi kama machicha ya kahawa. Njia ya maji ilionekana wazi, inashuka ndani ya ukuta, inageuka kwenye kizingiti, inaingia chini ya mlango, pale pale mguu wa Mama ulipozama hadi gotini na nyonga ikavunjika. Nilishangaa jinsi maji yanavyojua kutembea. Matundu sita madogo kuliko punje ya shayiri, na miaka mitatu ya subira. Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ufa wenyewe niliutoboa kwa mkono wangu, nikapigiwa makofi.

Na hilo si baya zaidi. Siku Mama alipoanguka, wewe ulipanda naye gari la wagonjwa, mimi nikarudi ndani ya trela kuzima jiko, kwani hata akiwa chini Mama alikuwa akipiga kelele kwamba kahawa itachemka imwagike. Nikitoka niliona michirizi ya kutu juu ya bati jeupe, chini ya skrubu mbili za ramani. Niliielewa, Arvid. Sikuhitaji Duane. Niliifuta kwa mkono wa sweta yangu. Kisha nikaja hospitalini, nikakukuta umeshika kofia, ukimwambia Mama ambaye alikuwa amelala kwa dawa, “Ni mimi. Nilikuahidi paa nikaondoka.” Nikakupapasa bega, nikasema si kosa la mtu. Nilipaswa kusema ni langu. Ukaondoka siku tatu baadaye, na tangu hapo husikiki ila Jumapili dakika kumi, na ukisikia sauti ya Mama unauliza hali ya hewa. Nimekuacha miaka miwili ubebe peke yako, na mimi nipo ubavuni. Nisamehe. Sina neno jingine lililo bora kuliko hilo.

Duane aliporudi aliona ramani iko chini na skrubu ziko mkononi mwangu. Alisema tu, “Ule mhimili bado unamngoja dada yake,” akashika jeki. Tulifunga bolti nane.

Usiku ule sikulala, na asubuhi nikamweleza Mama yote. Alikuwa anamenya viazi. Hakuacha kumenya mpaka kiazi kikaisha. Akasema, “Kwa hiyo mtoto wangu mmoja amenyamaza kwa jambo alilolifanya, na mwingine amekimbia kwa jambo ambalo hakulifanya. Na nyonga iliyovunjika ni yangu.” Nikakiri ndivyo. Akaniambia nimpe kiazi kingine. Baadaye akashika mkono wangu kwa mkono wake wenye maji, akauliza ramani ni nzima. Nikamwambia mbao zake ni nzima. Akataka nimletee, akavaa miwani, akapitisha kidole kutoka huku kwetu, Montana kijani, Idaho kijani, ambako Baba aligeuza akidai milima imechosha lori. Kidole kikafika ukingoni, kwenye jimbo lako, kikakuta peupe.

Basi tunakuja, kaka. Tutaondoka Jumatatu tarehe ishirini na nne, kwa lori la Baba. Duane amenifundisha kurudi nyuma na trela, na sanduku lake la barua nililoligonga limeshajengwa upya. Mama ameipigapiga sakafu mpya kwa mkongojo, hainesi wala hailii. Tafuta mahali pa kutuegesha, na upande wa mbele uinuke kidogo, mvua yenu isituame juu ya paa. Wala Corinne asihangaike kututandikia vitanda ndani. Unaijua sheria ya Baba: kupita si kulala. Mama lazima alale ndani ya trela usiku mzima katika jimbo lako, la sivyo halihesabiki.

Kile kipande cha kijani nimekwisha kukikata. Mama amekiweka ndani ya kitabu chake cha nyimbo, hataki nikibandike. Anasema utakibandika wewe, na utatumia gundi.

Anakusalimu, anasema uoge na unyoe ndevu. Duane anakusalimu pia ingawa hamjuani. Msalimie Corinne, mwambie tunakuja na viazi vyetu.

Ni mimi,
dada yako,
Signe