Miguu Ndani, Papa Neema

Mpenzi wangu Papa Neema,

Nakuandikia kutoka Mansfield, kwenye meza ya jikoni uliyoinunua bila kuniuliza. Joto limeanza hapa, watu wameshavaa nguo nyepesi, na mimi kichwani mwangu bado kuna theluji. Nimerudi juzi kutoka Colorado. Nilikwenda kwenye mteremko ule ule, na sina mwingine wa kumsimulia isipokuwa wewe.

Unakumbuka ulivyokuwa ukiidharau Texas kwa kukosa milima? Kila tulipopita lile daraja la barabara kuu kuelekea Fort Worth, tukianza tu kushuka uliachia kanyagio la gesi, gari likateleza lenyewe, ukacheka. "Mama Neema, hii nayo wanaita mulima?" Waliokuwa nyuma yetu walipiga honi, nami nilikufinya paja ukanyage tena. Hukusikia la mtu.

Ningekulaumu vipi? Ujana wako uliumaliza kwenye barabara ya Kibumba, ukishusha kabichi na makaa mpaka Goma juu ya chukudu, ule mkokoteni wetu wa mbao wenye magurudumu mawili na usukani. Kupanda mlisukuma. Kushuka mlirukia juu na kuuachia, na breki ilikuwa mguu. Ulikanyaga kipande cha tairi juu ya gurudumu la nyuma, na mpira ukiisha ulishusha ndala chini ikaburuzika mpaka ikanuka moshi. Mama yangu alikuwa akikutazama ukiingia sokoni, anasema, "Ule kijana, mguu yake iko na akili." Mimi nilikupendea mguu huo, ingawa sikukwambia, kwa sababu ungevimba kichwa.

Hata mimi ulinishusha siku moja, nimekaa juu ya kabichi, nimekushika kiuno, macho nimeyafumba toka juu hadi chini. Tulipofika ulinigombeza. "Ukifunga macho utaegemea vibaya, utatuangusha wote." Tulikuwa hatujaoana hata, na tayari unanigombeza.

Basi wababa wa kwaya walipopanga safari ya Colorado pamoja na familia, ulikuwa wa kwanza kusema ndiyo. Tangu tulipopita Amarillo hukunyamaza. Ulipoiona ile pikipiki ya theluji ukaizunguka, ukaipapasa kama mtu anayenunua mbuzi. Kijana aliyetuongoza alieleza taratibu kwa Kiingereza, na Neema wetu, bado yuko shuleni wakati huo, akakutafsiria. "Papa, anasema usi-release gesi yote. Breki, kidogo kidogo. And feet inside, Papa. Miguu ndani." Ukamshika shavu. "Mtoto, miye nilishuka Kibumba mbele haujazaliwa."

Nilikuwa nimesimama chini, nikaona yote. Katikati ya mteremko uliachia gesi kabisa, kama ulivyozoea darajani. Mashine ile ukiiachia gesi yote injini haiishiki tena, inakuwa jiwe linaloporomoka. Ukabana breki kwa nguvu, mkanda wa mpira unaoisukuma kwa chini ukasimama, ikaanza kuteleza kiubavu. Hapo ndipo nikauona mguu wako wa kulia ukitoka nje. Ulizama kwenye theluji, ukakuvuta, mashine ikapinduka na kukulalia. Hospitali tulifika, lakini wewe ulikuwa umeshatuacha njiani.

Nilikukasirikia, Papa Neema. Kwenye matanga, watu wakileta sombe na fufu na kunipa pole, nilikuwa naitikia huku moyoni nasema, kiburi chake kimemuua, mtoto alimwambia. Niliisema hasira hiyo kila nilipolikunja shuka lako. Neema hakukasirika. Aliniuliza tu chukudu ilikuwa inafungwa breki vipi.

Halafu alipomaliza shule akaniambia amepata kazi. Wapi? Kule kule. Kuongoza wageni juu ya pikipiki za theluji, kwenye mlima ule ule! Nilidhani amerukwa na akili. Ndugu zako wa Houston waliniita kwao Sharpstown, wakanikalisha kikao. Kaka yako mkubwa alisema, "Mulima ilikula baba, sasa unaipelekea na mutoto?" Wakanituma nikamrudishe. Sikuhitaji kutumwa. Nilikuwa nimeshafunga mzigo.

Nilimkuta kileleni na wageni wake. Akaninong'oneza, "Mama, usiniambie nirudi before uone kazi yangu. Please." Nikakunja mikono, nikasimama pembeni na uso wa kikao.

Aliwazimisha injini wote. Akawaonyesha njia ya kushukia, iliyonyooka, maana ukikata mlima kiubavu mashine inakubingirisha. Akawaambia wakae nyuma kidogo kwenye kiti, gesi waiguse tu wasiiachie yote, breki waibonyeze na kuiachia, waibonyeze na kuiachia. Mmoja akishuka, wengine wasubiri mpaka ameondoka njiani. Hayo yote yule kijana wa siku yako aliyasema pia. Lakini Neema akaendelea. Alimwendea kila mgeni akamuuliza, "Ulipokuwa mdogo, mlimani ulikuwa unashuka na nini?"

Mzee mmoja akasema farasi. Neema akamwambia, "Basi ukiogopa utavuta usukani kifuani kama hatamu. Mashine haisikii hatamu." Mama mmoja akasema baiskeli. "Wewe utabana breki mpaka mwisho. Vidole vyako uvikumbushe kuachia." Watu walikuwa wanacheka. Mimi machozi yalikuwa yananigandia mashavuni.

Mtoto alikuwa ameelewa kile ambacho mimi nilikiita kiburi. Mtu akishikwa na hofu, mwili haufuati alichoambiwa asubuhi. Unafuata ulichofanya ujanani. Mguu wako haukumdharau Neema. Ulitoka kukuokoa, kama ulivyofanya siku zote, na hakuna aliyekuwa amekuuliza ulijifunzia wapi kushuka.

Akafika kwangu. "And you, Mama? Wewe ulishuka na nini?"

"Na baba yako," nikamjibu.

Akanivalisha kofia ngumu, akanipandisha nyuma yake. "Nishike hapa. Nikiegemea, egemea. Na usifunge macho."

Sikufunga. Niliona pale ulipoangukia, tukapapita polepole, injini ikinguruma kwa chini kama paka aliyeshiba, mabuti yake mawili yamekaa ndani, hayatikisiki. Kiuno chake ni chembamba kuliko chako. Nilimshika kwa nguvu mpaka akalalamika.

Chini akavua kofia. "Sema tu, Mama. If you say nirudi Mansfield, nitarudi." Maneno ya kikao nilikuwa nayo tayari, yote. Nikatazama juu. Wageni walikuwa wamesimama kileleni vile vile, wamezima injini, wanamngoja. Kuna waliomwambia wanaogopa, na hao huwa anapanda kuwafuata, anawashusha mwenyewe mmoja mmoja.

Nikamvalisha tena kofia, nikamfunga mkanda chini ya kidevu. "Panda," nikamwambia. "Watu wako wanakungoja."

Kaka yako hazungumzi nami sasa. Atazungumza siku akiwa na njaa, namjua. Mimi nimembariki mtoto kwa kinywa changu, na hasira niliyokuwa nayo juu ya mguu wako sinayo tena. Mguu huo ulitulisha. Nisamehe kwa kuuita kiburi mbele ya jeneza lako.

Pumzika, mume wangu. Wiki hii theluji imeanguka tena huko, mtoto yuko mlimani, na mimi usiku nalala.

Mkeo,
Mama Neema