Stoo Uliyoniachia

Fundi wangu Salehe,

Mungu akulaze pema. Ni mimi Aloisi, uliyenifundisha kufua springi za malori hapa Gerezani. Nakuandikia wewe kwa sababu walio hai sithubutu kuwaambia.

Malori ya shaba yamerudi, Fundi!

Ulizoea kusema, "Shaba ni mgeni, Aloisi, haina mlango mmoja." Nami nilikuwa nacheka. Zamani ilitoka Zambia ikipitia bandari za kusini. Mpaka wa kusini ulipofungwa, ikaja kwetu kwa barabara, na uzito ule ukavunja springi kila safari. Tulikula tukashiba. Ikaja reli mpya, malori yakatoweka. Ukaugua huku unatazama barabara tupu. Stooni uliacha mabapa mazito ya springi, ukaniusia, "Usiyaguse. Shaba ikirudi barabarani, watakula hayo." Yaani mkeo Bi Zuhura na watoto wako wanne.

Nimeyagusa. Baada ya arobaini yako tulikaa miezi bila mteja. Watu walikuwa wanahamia vijiji vya ujamaa, kila mtu anataka jembe. Nikakata bapa moja, nikajiambia ni moja tu. Chuma kile kinatoa jembe zuri, siwezi kukana. Nikayamaliza yote. Niliona njaa ya leo tu, ujinga wangu huo.

Sasa reli imezidiwa na mizigo. Juzi Komba, yule dereva rafiki yako, aliingia na lori limelala upande, springi imekatika kwenye mlima Kitonga. Madukani chuma hicho hakipatikani hata kwa dawa. Bi Zuhura akatoka anatabasamu, mara ya kwanza tangu tukuzike.

"Usihangaike, shemeji, marehemu aliacha. Aloisi, mpe."

Nikasema ufunguo wa stoo umepotea.

Ee Fundi, nife tu! Tangu juzi anautafuta. Anainua magodoro, anafagia mivunguni, jana kamchapa mwanao wa mwisho akidhani kauchezea. Nao uko mfukoni mwangu. Komba amesema atasubiri hadi adhuhuri ya leo, kisha atakwenda kwa mafundi wa Ilala, na madereva wenzake watamfuata huko. Karakana yako itakufa mikononi mwangu.

Kwaheri, Fundi. Sikuombi unisamehe. Nikiweka kalamu chini nampelekea Bi Zuhura ufunguo, nampa mkononi. Nakuahidi, akifungua ule mlango nitakuwa nimesimama pale pale.

Aloisi