Minazi ya Bi Mejumaa

Mishi, uko? Mteja wangu wa kwanza tangu nianze udalali ameondoka.

Nilimpeleka Jethro, yule wa Nakuru, kuliona shamba la Msambweni. Nikamwambia akinunua, ardhi ni yake na minazi yote thelathini ni yake. Nilisema hivyo hivyo Mishi, kwa sauti!

Akatoka bibi wa nyumba ya jirani, Bi Mejumaa. Nikamwamkia.
"Marahaba. Ardhi uzeni. Minazi nimeipanda mimi."

Nikamjibu ati kwenye darasa la jioni la udalali tumefundishwa kwamba kilicho juu ya ardhi huenda na ardhi. Mimi! Mdigo mzima, na babangu alikuwa na minazi yake kwenye ardhi ya watu!

"Na huyo mwalimu wako alikuja kuimwagilia lini?"

Jethro akacheka, akaingia garini. "Dada, ukimaliza hiyo kesi ya miti utanipigia."

Bado nimeketi hapa hapa. Silii, sihisi kitu. Bi Mejumaa ameniletea dafu. "Kunywa mwanangu, umekauka." Nimekunywa.

Siku saba nimeswali istikhara, nikimwomba Mungu anionyeshe la kheri kwa shamba hili, Mishi. Mlango wa jirani sikuubisha hata mara moja.