Aliyehama na Aliyehamishwa

9 Februari

Mwanangu,

Niwie radhi kwa kimya changu. Tangu Oktoba sijakuandikia hata mstari mmoja, na simu zako nimeziacha zilie mpaka zikachoka. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa na hasira, na mimi nikiandika kwa hasira hukosea ngeli, jambo ambalo nisingependa ulione. Goti la kushoto linalalamika kila asubuhi, macho bado yanasoma, meno yaliyobaki yanafanya kazi ya yaliyoondoka. Nawe je? Unakula? Kile kikohozi kimekwisha?

Hasira yangu ilikuwa hii. Ulituma watu watatu wenye fulana za kijani wakakipima chumba changu kwa utepe na kuandika namba mlangoni kwa chaki, na hukuniambia. "Kumbe wewe ndiye shangazi yake!" wakasema, wakacheka kama watu waliokutana na ndugu. Mtoto niliyemlea tangu akiwa na miaka sita anatuma wageni waje kunipima.

Hayo yamepita. Mradi wenu siupingi. Nyumba hizi zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda, na kiwanda kilifungwa miaka ishirini iliyopita. Ukuta wa nyuma wa safu yetu umepasuka kutoka juu hadi chini. Jirani yangu, fundi cherehani, ameuziba ufa kwa vipande vya vitambaa ili mijusi wasiingie. Choo ni kimoja kwa kaya tisa. Nani atakataa nyumba mpya?

Ila nimeletewa fomu ya kutia sahihi. Majirani wametia. Fundi viatu alitia kabla ya kusomewa, akasema mwandiko wake ni mzuri na hapati nafasi ya kuutumia. Mimi sijatia. Nakuuliza swali moja, na unijibu kwa barua, maana kwenye simu mtu husema kisha akakana: nani aliyeiandika fomu hii?

Shangazi yako

16 Februari

Shikamoo Shangazi,

Barua yako nimeisoma nikiwa bado mlangoni, sijavua hata viatu. Nimefurahi mno. Mimi mzima, kikohozi kimeisha, kula nakula ingawa si kama pale kwako. Kuhusu wale wapimaji, nisamehe. Niliogopa kukwambia, ndiyo ukweli wenyewe. Nilijua utauliza maswali, na majibu sikuwa nayo.

Fomu nimeiandika mimi.

Ngoja nikueleze tulivyo. Huu ubia una watu watatu. Shirika letu ndilo linaloongea na wakazi. La pili ni la wajenzi. La tatu ni mfuko wa nyumba, ndio wanaogharamia. Ardhi imetolewa na manispaa. Miaka mitatu nimekuwa nakimbia kati yao kama mshenga wa harusi yenye wakwe watatu, kila mmoja anamshuku mwenzake. Sasa wamekubaliana, Shangazi! Ghorofa nne, kodi ambayo hata fundi viatu ataimudu, bomba ndani ya kila nyumba, madirisha kubwa, mitaro iliyofunikwa, taa barabarani, vyumba vya maduka chini. Wewe nimekuombea nyumba ya chini ili usipande ngazi.

Sharti la mfuko ni moja: kaya zote sitini na moja ziwe zimesaini kufikia mwisho wa Aprili. Zote zimesaini isipokuwa moja, na unaijua. Kwenye kikao mkuu wangu aliniuliza mbele ya watu, "Huyu mama wa chumba namba kumi na saba ana tatizo gani?" Ningesema nini, kwamba ndiye aliyenifundisha kusoma?

Tafadhali, Shangazi, saini.

Mwanao

22 Februari

Mwanangu,

Nimefurahi kusikia kwamba u mzima. Hapa ni salama, isipokuwa mvua zimeanza na beseni langu kubwa limehamia chini ya dari inayovuja.

Madirisha ni makubwa, si "kubwa". Na fomu hutiwa sahihi. "Kusaini" tumia ukiwa na wenzako.

Sasa nisikilize. Fomu yako inasema: "Mimi ninayetia sahihi hapa chini nimekubali kuhama." Mkataba wa ubia wenu umebandikwa ukutani katika ofisi ya mtaa. Nimeusoma wote nikiwa nimesimama, mpaka karani akaona aibu akaniletea kiti. Kifungu cha sita kinasema: "Mkazi aliyehamishwa kupisha ujenzi atakuwa wa kwanza kurudi."

Aliyehama na aliyehamishwa si mtu mmoja. Anayehama huondoka kwa hiari yake, na akiondoka amekwenda zake. Anayehamishwa huondolewa na mwingine, na huyo mwingine ana wajibu wa kumrudisha. Mkataba unamwahidi nyumba aliyehamishwa. Fomu yako imewafanya watu wa kaya sitini kutamka, kwa sahihi zao wenyewe, kwamba wamehama.

Nililisema hili bombani jana. Fundi viatu alicheka mpaka akatua ndoo. "Bi Nukta," akaniambia (ndilo jina walilonibandika, nami nimeshalizoea), "sisi tunakwenda kuoga kwa bomba la ndani, wewe baki hapa na vitenzi vyako."

"Vitenzi vyangu havivuji," nikamjibu.

"Kuhama, kuhamishwa, kabati si lile lile? Atakayelibeba si mimi?"

Watu wakaangua kicheko. Fundi cherehani hakucheka. Aliniomba nimsomee kifungu cha sita tena, polepole.

Badilisha neno hilo moja, nami nitatia sahihi siku hiyo hiyo.

Shangazi yako

5 Machi

Shikamoo Shangazi,

Natumaini hujambo. Huku ni pilikapilika, nisamehe kama barua hii itakuwa fupi.

Shangazi, hapa si darasani. Neno hilo nililichagua makusudi. Rasimu ya kwanza ilikuwa na "kuhamishwa". Niliwasomea watu wa mtaa mwingine kama jaribio, mama mmoja akaanza kutetemeka. Yeye alishawahi kuhamishwa, kwa tingatinga, sufuria ikiwa jikoni inachemka. Nikaapa sitampa mtu karatasi yenye neno lile. "Kuhama" lina heshima. Linamfanya mtu aonekane anaamua mwenyewe.

Wabia wote wanaelewa maana yake. Sijawauliza kwa sababu hakuna haja ya kuuliza. Safu mbili za kwanza zinaanza kuondoka wiki ijayo, malori yako tayari. Siwezi kwenda kwa wakubwa kuwaambia turudie kila kitu kwa sababu ya herufi nne.

Naomba usaini. Nakuomba kama mwanao, si kama mtu wa mradi.

Mwanao

29 Machi

Shikamoo Shangazi,

Hujanijibu, na simu imezimwa. Dereva wa lori ameniambia alikuona ukiingia nyumba moja baada ya nyingine na bahasha kwapani, basi angalau najua unatembea. U mzima lakini?

Nimemuuliza mwanasheria wa mfuko. Sikupanga kumuuliza. Tulikuwa tunasubiri chai, nikamtania kwamba nina shangazi anayesoma vifungu kama mtu anayechambua mchele. Nikamweleza hoja yako ili tucheke wote. Hakucheka. Alikoroga chai yake, akasema, "Shangazi yako amesoma vizuri. Waliohama hatuna wajibu nao. Tutawafikiria."

"Tutawafikiria maana yake nini?"

"Maana yake ni hiyo."

Nilikwenda kwa mkuu wangu. Alifunga mlango kwanza. Akaniambia mfuko umeshapata watu wengine wanaozitaka nyumba zile, watu wenye mishahara, na kwamba tusiwape sababu ya kurudi mezani. "Ukilifungua hili watajitoa. Wakijitoa hakuna atakayejenga hata choo. Kaa kimya, tuwaamini tu."

Kaya ishirini na moja zimeshaondoka, Shangazi. Nilikuwepo. Fundi viatu alipanda lori wa kwanza, akanipungia mkono kama mtu anayekwenda kutembea.

Neno ni langu. Wala sikulazimishwa na mtu. Sasa siwezi kukaa, siwezi kusimama, nikifungua faili nalifunga. Nifanye nini?

Mwanao

7 Aprili

Mwanangu,

Nilikuwa mzima muda wote. Kimya changu hakikuwa cha hasira safari hii. Nilikuwa ninazunguka na fomu mpya. Niliinakili ile yako kwa mkono, neno kwa neno, nikabadilisha moja tu: "nimekubali kuhamishwa". Nikaisoma katika kila nyumba iliyobaki. Wengine walitia sahihi kwa kuelewa, wengine kwa kuniogopa, na mmoja ili niondoke chakula chake kisipoe.

Lakini lazima nikuambie jambo ambalo halinipendezi. Jumanne saa nne asubuhi ukuta wa nyuma ulianguka. Fundi cherehani alikuwa ametoka kwenda kuanika nguo. Cherehani yake ilikuwa ndani. Tuliifukua kwa mikono na sufuria. Gurudumu limepinda, meza yake imekuwa kuni. Alikaa juu ya matofali, akaniangalia, akasema, "Bi Nukta, kama hawa watu watakasirika waondoke kwa sababu ya neno lako, tutakufa humu humu. Neno litaushikilia ukuta?"

Miaka thelathini na minne nimefundisha, na swali kama hilo sijawahi kuulizwa. Nilirudi ndani nikaisoma fomu mpya, kisha ya zamani, kisha mpya. Nilitoka nikatembea mpaka bombani bila ndoo, nikarudi. Niliona kwamba yeye ana haki ya kuogopa, na kwamba mimi pia sijakosea, na mambo hayo mawili hayakutaka kukaa katika sentensi moja.

Kabla giza halijaingia alibisha hodi. "Lete hiyo karatasi yako," akasema. "Nikikosa nyumba nitakulaumu wewe, na nitakulaumu kila siku." Akatia sahihi. Mimi nikatia baada yake. Sasa tumetimia kaya arobaini, wote waliobaki. Fomu ziko ndani ya bahasha hii.

Unauliza ufanye nini. Sikuagizi. Ukizipeleka kikaoni, utalazimika kusema mbele yao kwamba uliyekosea ni wewe. Nilikufundisha kusahihisha. Kusahihishwa sikukufundisha, nami mwenyewe najua kidogo sana.

Shangazi yako

18 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Pole sana, na fundi cherehani mpe pole zangu, ingawa sijui kama atazitaka.

Nilizipeleka. Nilisimama kikaoni nikasema, "Fomu hii niliiandika mimi, na nilikosea." Mkuu wangu alikuwa anaangalia dirishani. Basi, nilisimama, na kesho yake nikasimamishwa kazi. Najua umelitazama hilo neno mara mbili.

Wajenzi walituunga mkono, jambo ambalo sikulitarajia. Mwakilishi wao alisema hawezi kumjengea mtu nyumba huku mtu huyo akifungiwa nje. Wakabishana saa nzima. Mwishowe mfuko ukakubali kuipokea fomu mpya, ila sharti ni lile lile la zamani: kaya zote sitini na moja, kabla ya mwisho wa Aprili. Wanajua ishirini na moja zimetawanyika. Mwanasheria aliniangalia aliposema "zote".

Mimi nimekatazwa kukanyaga mtaani au kumfuata mkazi yeyote. Nikionekana, sahihi zitakataliwa. Dereva wa lori amenipa orodha ya mahali alipowashusha watu. Nimeiweka humu. Baadhi ya sehemu ni "karibu na mnara" au "kwa mkwe wake". Sikuombi utembee, Shangazi. Na sijui nani mwingine nimwombe.

Mwanao

26 Aprili

Mwanangu,

Mimi ni mzima, usinipe pole. Nimeshatembea.

Nimewapata kumi na wanne. Fundi viatu yuko kwa binti yake, anashona viatu kwenye lango la nyumba ya watu. Aliniona kwa mbali akapiga kelele, "Jamani, Bi Nukta! Umekuja kunisahihisha mpaka huku?" Nilimsomea fomu. Akaniambia nisome tena lile neno. Nikasoma.

Akainamia kiatu alichokuwa nacho. "Mimi sikuhama," akasema. "Nilipakiwa. Mimi na kabati." Kisha akapangusa mikono, akatia sahihi polepole, kwa ule mwandiko wake anaoringia, akaniuliza kama atarudi. Nilitaka kumwambia ndiyo. Nikamwambia sijui.

Fundi cherehani tunakwenda naye. Hana cherehani, kwa hiyo hana pa kukaa siku nzima, naye anabeba bahasha. Njia nzima ananilaumu kama alivyoahidi, na kwenye kila mlango yeye ndiye wa kwanza kubisha.

Wamebaki saba. Wawili tumesikia wako upande wa machimbo ya kokoto. Mmoja amebadilisha namba ya simu. Wanne hakuna anayejua. Zimebaki siku nne. Tarehe thelathini nitazipeleka kwa mfuko mwenyewe, zikiwa zimetimia au zimepungua, nami nitakaa hapo hapo mpaka waniambie. Kama zimepungua nitawasomea majina ya wasioonekana, moja moja, ili wajue wanamkataa nani.

Kuhusu kazi yako, sina la kukufariji. Kula, lala, na usije huku.

Usinijibu barua hii, kwa maana sitakuwa nyumbani kuipokea. Fundi cherehani ameshavaa viatu, ananiita kutoka nje, anasema barua ndefu haimtafuti mtu. Wakishaamua nitakuandikia siku hiyo hiyo, hata ikiwa ni sentensi moja.

Shangazi yako